Zamu ya Jua

4 Februari

Mwanangu Mwiba,

Sina desturi ya kuomba radhi mara mbili kwa kosa moja, kwa hiyo hii isome vizuri: niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Barua yako ya mwaka jana niliipata, nikaisoma, nikaiweka mezani ili niijibu kesho yake. Kesho yake tukaambiwa tufungashe. Jengo letu la Idara ya Hati linavunjwa, nasi tumehamishiwa kwenye jengo la kupanga mpaka jipya litakapokamilika. Kuhamisha ofisi inayotunza hati za viwanja vya mji mzima si sawa na kuhamisha sufuria. Karani mkuu ni mimi, na kila jalada lilipita mikononi mwangu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya watu wanaokatana maneno, na wewe ni bingwa wao. Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho.

Jengo hili la kupanga ni la vioo, kuanzia sakafuni hadi darini, pande zote. Ukipita barabarani unajiona mzima, pamoja na vumbi la viatu vyako. Wateja wetu siku hizi wanachomekea shati kabla ya kuingia. Hilo pekee limenifurahisha.

Sasa nimesikia kwa kaka yangu, yaani baba yako, ambaye hawezi kutunza siri wala mwavuli, kwamba ofisi yenu imepewa kazi ya kusanifu jengo letu jipya, na kwamba kalamu imewekwa mkononi mwako. Hongera. Nina ombi moja tu: tujengee vioo. Jengo la zamani ulilijua. Kila ukumbi ulikuwa na matofali ya matundu, na mvua ya upepo iliingia bila kubisha hodi. Hati ziliota ukungu. Nimesimama mbele ya mjane aliyefuata hati ya marehemu mumewe, nikamkabidhi karatasi isiyosomeka jina, nikawa sina la kumwambia ila pole. Sitaki mwingine apewe pole ile.

Humu ndani kuna jua kiasi, lakini nimelitafutia utaratibu. Nimeanzisha zamu ya jua, na kazi inakwenda.

Shangazi yako


17 Februari

Shangazi, shikamoo.

Radhi umepewa, mara moja tu, kama ulivyoagiza.

Ni kweli, kazi ni yangu. Na kabla hujasikia kwa baba, nikwambie mwenyewe: sijachora kuta za vioo.

Usiikunje barua. Nisikilize mpaka mwisho, maana ni sheria yako. Jengo nimelilaza ubavu. Ncha zake nyembamba ndizo zinazotazama mashariki na magharibi, na huko nimeweka ngazi, vyoo na stoo, nyuma ya ukuta mzito usio na dirisha. Jua la asubuhi na la alasiri huja chini chini, linapiga usoni, na hakuna kofia ya kulizuia. Acha lipige ngazi. Madirisha nimeyapeleka pande ndefu, kaskazini na kusini. Huko jua hupita juu, na kibaraza kifupi kilichotokeza juu ya dirisha kinatosha kulifunika. Nimekiweka pande zote mbili, kwa sababu jua letu hukaa upande mmoja nusu ya mwaka, kisha huhama. Wenzangu wanaonakili vitabu vya nchi za baridi huukinga upande mmoja tu, halafu hushangaa.

Kisha, umbali wa mkono mmoja mbele ya madirisha, nimesimamisha ukuta wa pili wa matofali ya matundu. Huo ndio unaopigwa na jua na mvua. Upepo unapita katikati na kuondoka na joto kabla halijafika ndani. Vioo vipo, Shangazi. Ila vimekaa kivulini kama watu wenye akili.

Najua umeguna ulipofika kwenye matundu. Katika jengo la zamani tundu ndilo lililokuwa dirisha, hakukuwa na cha kufunga. Hapa nyuma ya tundu kuna dirisha, na dirisha lina komeo. Lakini kuhusu ukungu umenishika pabaya. Hewa yetu ina unyevu hata siku isiyo na mvua, na dirisha likiwa wazi, unyevu unaingia pamoja na upepo. Mimi niliwafikiria watu, karatasi nikazisahau. Chumba cha hati nimekihamisha jana katikati ya jengo, bila dirisha, na mashine ndogo ya kukausha hewa ya chumba hicho tu. Hakuna mjane atakayepewa pole.

Sasa na wewe nijibu. Zamu ya jua ni kitu gani? Nimewahi kusikia zamu ya walinzi na zamu ya wauguzi. Jengo zuri kiasi hicho, mbona mnalikimbia?

Mwiba


1 Machi

Mwiba,

Umeuliza kwa kejeli. Nitajibu kwa utaratibu.

Asubuhi jua huingia upande wa mashariki, kwa hiyo watu wote na meza zao hukaa magharibi. Baada ya chakula cha mchana napiga kengele, na kila mmoja anasukuma meza yake kwenda mashariki. Meza tumezifunga magurudumu. Mafundi wa kompyuta walinung'unika kuhusu nyaya zao, nikawaambia waya ni mtumishi, si bwana. Katika juma la kwanza tuligongana. Sasa tunahama kama gwaride, na meneja mwenyewe amesema hajapata kuona ofisi yenye nidhamu kama hii.

Wakorofi hawakosekani. Mhasibu msaidizi ni mvivu wa kusukuma, kwa hiyo hubaki palepale na kufungua mwavuli juu ya meza. Wenzake wamempa jina la Bibi Harusi.

"Bibi Harusi, bwana amefika?"

"Amefika, mashoga, na leo ana joto!"

Nimewakanya. Ofisi si sebule.

Umeambiwa na nani kuwa tunalikimbia jengo? Viyoyozi vipo. Walio chini yake huvaa sweta, walio karibu na vioo hujipepea kwa majalada, na kila upande unauonea wivu mwingine; hayo ni maumbile ya binadamu. Madirisha hayafunguki, kwa hiyo umeme ukikatika tunashuka kwa utulivu na kusimama kwenye maegesho mpaka urudi. Juzi mzee mmoja, aliyekuwa ameelekezwa asubuhi kwenye meza ya dirisha la magharibi, alirudi alasiri akakuta ukumbi mtupu. Alimuuliza mlinzi kama Idara imefutwa. Nami nasema hivi: kosa si la vioo, kosa ni la mtu anayeelekezwa asubuhi akaja alasiri.

Kuhusu mchoro wako, nitasema ukweli kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kushika kalamu. Umetuchorea banda la kuku. Banda zuri, lenye sababu nzuri, lakini banda. Maisha yangu yote ya kazi nimeingia kwenye jengo ambalo wageni walilidhania ghala. Mwanamke mmoja wa benki ya jirani aliwahi kuniuliza kama tunauza saruji. Mimi naondoka karibuni, lakini wapo wasichana ninaowaacha. Nataka waingie kazini kwa mlango unaong'aa. Matundu ni ya watu waliokosa vioo. Hilo kila mtu analijua, isipokuwa waliosoma sana.

Chumba cha hati umekiweka vizuri.

Shangazi yako


23 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimetoka mbele ya bodi yenu na damu yangu bado inachemka, kwa hiyo nitaandika machache.

Nilieleza mchoro wangu. Wajumbe wawili walisinzia, mmoja aliuliza maswali ya maana. Mwenyekiti akaweka mezani picha ya jengo la vioo la nchi ambako watu huliomba jua liwatembelee. Akasema: "Binti, sisi hatuna shida na matofali yako. Lakini watumishi wenyewe wamekwisha kusema. Kwenye mkutano wao alisimama karani mkuu na kudai vioo kwa niaba ya wote, wakampigia makofi. Nasikia ni shangazi yako. Kama humsikilizi aliyekulea, utatusikiliza sisi?"

Bodi nzima ikacheka. Barua zako mbili ninazo, na humo mna kila kitu isipokuwa mkutano huo.

Basi nikawaambia na mimi. Niliwaeleza zamu ya jua: kengele, meza za magurudumu, mwavuli, yule mzee na mlinzi. Nikawaambia kwamba karani mkuu huyo huyo anayedai vioo anawahamisha watu wake kila siku wavikimbie. Hawakucheka tena. Yule mwenye maswali akaandika kitu. Mwenyekiti akasema kuna vioo vipya vya rangi vinavyopunguza joto. Nikamjibu kwamba ni kweli vipo, na kwamba kioo bora kinalipunguza jua likishafika, lakini kivuli kinalizuia lisifike.

Nje ya mlango, mkubwa wangu wa kazi akanishika bega. Anataka nichore upya, vioo pande zote, kisha nitie sahihi na muhuri, kwa sababu kazi imesajiliwa kwa jina langu na bila muhuri wangu halmashauri haitatoa kibali. Nimemwambia sitatia. Akasema, "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Nikamwambia mdomo wangu una kazi nyingine.

Mwiba


6 Aprili

Kwa Msanifu,

Nimepokea barua yako.

Ndiyo, nilisimama. Sikukuambia kwa sababu sikuombi ruhusa ya kusema kwenye mkutano wa ofisi yangu. Nilisema ninachokiamini, na nikiitwa kesho nitasimama tena. Wewe ulichofanya ni kingine. Nilikuandikia kama mwanangu, ukanisoma mbele ya bodi kama shahidi.

Meneja aliniita. Aliuliza ni nani anayepeleka mambo ya ofisi nje ili taasisi ichekwe. Nikajibu kwamba ni mimi, kwa kuwa ni mimi. Amepiga marufuku zamu ya jua. Magurudumu yamefunguliwa na kila meza imerudi ilipochorwa kwenye ramani ya mwenye jengo. Nusu ya watu wangu wako magharibi, na hawatahama. Magazeti tuliyobandika kwenye vioo yamebanduliwa pia, kwa maelezo kwamba yanaharibu sura ya jengo. Mwavuli umechukuliwa.

Mimi mwenyewe nimechagua meza ya magharibi. Kiongozi hachagui kivuli.

Afya yangu ni njema. Usiniandikie mpaka utakapojua tofauti kati ya barua na ushahidi.

Karani Mkuu


21 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Umenikataza kuandika. Nimeasi, kwa hiyo adhabu iongeze ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwanza, nimekosa. Maneno yale yalikuwa yako, na ilinipasa kukuomba kabla ya kuyasema. Sitajitetea kwa hasira wala kwa kicheko cha mwenyekiti.

Pili, "afya yangu ni njema" uliiandika tarehe sita. Bibi Harusi amenipigia simu. Anasema tarehe tano ulianguka mezani alasiri, kichwa kikalala juu ya muhuri wa Idara, na kwamba ulipozinduka zahanati neno lako la kwanza lilikuwa, "Nani anakaa kaunta?" Anasema uliwaapisha wote wasiniambie. Aliapa pamoja nao, lakini anadai aliapa akiwa ameukunja mguu chini ya kiti, kwa hiyo kiapo hakihesabiki.

Mficha uchi hazai, Shangazi. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo nilipoficha jipu.

Siandiki ili nikuambie "nilisema". Ningependa mara elfu nikosee mimi na vioo viwe sahihi, kuliko wewe kulazwa chini ya dripu ili nipate hoja. Nataka uombe likizo, ukae nyumbani. Jengo nitalipigania mwenyewe.

Huku mambo yamefika ukingoni. Mkubwa amempa mwenzangu achore vioo. Michoro iko tayari na imewekwa mezani kwangu, na kalamu juu yake, kama chakula cha mgonjwa. Bado sijatia sahihi. Bodi itakutana katikati ya Mei, humo humo kwenye jengo lenu, kuchagua kati ya mchoro wangu na huo. Ikichagua vioo, mkubwa amesema niweke muhuri au nichukue mkoba wangu. Mkoba ninao tayari begani. Nimeupanga vizuri: rula, kalamu, na ule mchoro wa kwanza.

Nijibu hata kwa matusi.

Mwiba


8 Mei

Mwanangu Mwiba,

Nilianguka. Sikufa. Hayo mawili usiyachanganye, kama anavyoyachanganya Bibi Harusi, ambaye nimemwambia kwamba kiapo ni kiapo hata mguu ukiwa umekunjwa.

Msamaha nimekupa. Usinishukuru, bado nimekasirika kidogo.

Sikubadili mawazo kwa sababu ya kuanguka. Mtu mzima huanguka kwa mambo mengi. Nitakuambia kilichonibadili. Niliporudi kazini meneja alinipokea mlangoni, akanionyesha chumba kidogo cha ndani, cha baridi, chenye kiti kipya.

"Bi Mkubwa, hapa utapumzika mpaka muda wako wa kustaafu. Tumekufikiria."

"Ahsante. Na wasichana?"

"Wale bado vijana. Damu inachemka."

"Inachemka kweli, nimeiona."

Akacheka, akidhani ni utani. Nikamwambia mimi si jalada, niwekwe kivulini peke yangu. Nikarudi kwenye meza yangu ya magharibi. Na pale, nikiwa nimekaa juani kwa amri ya mtu aliyekaa kivulini, nikaona kwamba kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiliita tatizo utaratibu. Nilikuwa hodari wa kupanga watu kulizunguka jengo, kumbe jengo ndilo lililopaswa kupangwa kuwazunguka watu. Yule mzee hakukosea kuja alasiri. Ofisi ya hati haipaswi kumkimbia mwenye hati.

Jumatatu nikaitisha mkutano wa watumishi. Nikasema: mara ya kwanza nilisimama kwa niaba yenu bila kuwauliza, mkanipigia makofi kwa adabu. Leo nauliza. Tulizungumza mpaka koo zikakauka. Wengine bado wanataka vioo, na wana haki ya kuvitaka. Walio wengi wamenituma nikaseme mbele ya bodi kwamba tunataka kivuli, na dirisha linalofunguka kwa mkono wa aliyekaa karibu nalo.

Meneja amepata habari. Ameniuliza kama nakumbuka kuwa karatasi zangu za kustaafu zinasubiri sahihi yake. Nimemwambia nakumbuka, kwa kuwa ni mimi niliyezichapa, na kwamba azitie sahihi au asizitie, siku ya bodi nitasema.

Sasa nina masharti, usidhani nimekuja mikono mitupu. Matundu bado siyapendi. Yapange kwa nakshi yenye heshima, mtu akipita barabarani asimame, asiulize bei ya saruji. Kuta za nje zipakwe rangi nyeupe na zisafishike. Na mlango wa mbele utie kioo, mlango mmoja tu, chini ya kibaraza kirefu, uwe unang'aa. Hilo sitaki ubishi.

Kuhusu mkutano, kupanga vyumba vya bodi ni kazi yangu, na sijavunja kanuni hata moja. Meneja alipendekeza ukumbi wa magharibi, saa nne asubuhi, wakati bado una baridi. Ukumbi nimeuacha uleule. Saa nimeandika tisa alasiri, mialiko imetoka, na mwenyekiti amejibu kwamba alasiri inamfaa zaidi. Ukumbi huo ndio pekee wenye mapazia. Yalikuwa na vumbi la kuaibisha taasisi, kwa hiyo nimeyapeleka kwa dobi. Dobi ana kazi nyingi, anasema atayarudisha siku ya pili baada ya mkutano. Mwenyekiti, kama unavyojua, havui koti. Nimemwekea kiti cha dirishani, penye mandhari nzuri.

Wewe kalamu yako iache mfukoni. Yakikufika ya kufukuzwa, nenda kwa miguu yako, kichwa juu, na usiage kwa machozi. Ukoo wetu haujawahi kutia mkono wake kwenye kitu usichokiamini, na kama uliwahi, basi hatukuambiwa.

Bodi ikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo. Ila wakichagua vioo, ujue barua itachelewa, kwa sababu nitakuwa bado nimesimama mbele yao, nasema.

Shangazi yako